Vificho vya Mfinyanzi

Kila alipomaliza kuchimba kificho kipya kando ya njia, Mfinyanzi alikijaribu kwa kukohoa. Alimwambia mwanamke yeyote aliyekuwa karibu, mara nyingi mimi, ajikunyate ndani na mtoto wake mgongoni. Yeye alirudi nyuma mpaka kwenye kona, akasafisha koo kwa sauti nzito ya mzee aliyeshiba, kisha akaja akipita taratibu, fimbo mkononi, tumbo mbele, macho milimani. Huyo ndiye baba mkwe aliyekuwa akimwigiza. Akishapita aliuliza bila kugeuka, "Huu mguu wa kushoto ni wa nani?" Basi ujue mguu umeonekana na kificho hakijafaa. Alichukua jembe lake dogo la Kikinga akaanza kuchimba upya, na wewe uliyekuwa ndani ulitoka na vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Nieleze kidogo kwa wasio wa kwetu. Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ukiolewa, baba wa mume wako humtazami, hutamki jina lake, huketi naye chini ya paa moja. Mkikutana njiani, anayetoka njiani ni wewe. Unainama pembeni, unampa mgongo, unatulia mpaka apite. Mzee mwenye adabu hukohoa mapema ili akupe nafasi. Mimi nilizaliwa Ngonga, kwenye mashamba ya mpunga, nchi tambarare ambayo mtu akija unamwona tangu hajaamua kuja. Kule jambo hili halikuwa na taabu yoyote. Unasikia kikohozi, unaingia kwenye migomba, mambo yamekwisha. Kisha nikaolewa Lyulilo, chini ya milima ya Ukinga, nikakuta nchi ambayo ukitoka njiani hatua moja unakanyaga hewa.

Nisiseme uongo, siku ya kwanza nilipopandishwa kule nililia. Milima ya Ukinga haianzi kidogo kidogo. Ziwa linaishia kwenye mchanga, mchanga unaishia kwenye migomba michache, na hapo hapo mlima unasimama. Mvua za kwetu si za mchezo, nazo zimeichana milima ile tangu Mungu alipoiweka. Kuna makorongo mekundu ambayo ukiangushia jiwe unasahau kusikiliza lilipofikia. Kuna migongo ya ardhi iliyobaki katikati ya korongo na korongo, myembamba, majani yakiwa juu tu, na pande zote mbili udongo mtupu. Nilipofika juu ya mgongo wa kwanza nikatazama chini, nikamwona mwewe akizunguka. Nilikuwa sijawahi kuuona mgongo wa mwewe anayeruka. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwona tumbo tu. Nikakaa chini pale pale na chungu changu kichwani, na nilishindwa kusema kama nilikuwa naogopa au nafurahi.

Mfinyanzi, aliyekuwa mbele, alirudi akaketi kando yangu. Hakunihimiza. Alitoa ugoro wake, akavuta, akapiga chafya, akautazama ule uwazi wote, ziwa likiwa chini kabisa, na akasema, "Mimi nimezeeka hapa na bado sijauzoea. Siku nikiuzoea nitaacha kupanda." Ndivyo tulivyofahamiana.

Pale ufukweni karibu kila mwanamke alifinyanga. Lakini ukisema Mfinyanzi bila kuongeza neno, ilijulikana ni yeye. Alikuwa Mkisi, wa kabila la wafinyanzi, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana na miguu iliyopasuka visigino, na sauti iliyomzidi umbo. Wanawake wa rika langu tulimwita juba, yaani mama. Watoto walimwita juba vilevile, na wazee wanaume walimwita hivyo pia pale walipotaka wapishwe njia. Vyungu vyake vilikuwa vyembamba, vyekundu, vyenye michirizi myeupe begani, na vilinunuliwa kabla havijatua chini. Hilo wengi wanalikumbuka. Mimi namkumbuka kwa njia zake.

Ilitulazimu kupanda Ukinga. Kule juu kulikuwa na ulezi, njegere na majembe. Sisi tulikuwa na vyungu na samaki wakavu. Kulikuwa pia na dada zetu walioolewa huko, na mashangazi, na misiba. Wanaume walikuwa na njia yao. Ilikwenda moja kwa moja juu, na sehemu nyingine walipanda kwa kushika mizizi, wakifika juu wanajisifu. Mwanamke hawezi kushika mizizi. Mkono mmoja uko kwenye chungu, mwingine umeshika mtoto, na mtoto mwingine yuko mgongoni analala na kukuelemea upande mmoja. Kwa hiyo kabla ya Mfinyanzi, nasikia, wanawake wengi hawakupanda kabisa mpaka watoto wakue. Walikaa wakisubiri habari za ndugu zao ziteremke zenyewe.

Yeye alizitafuta njia za mtu mwenye watoto. Alizitafuta kwa miaka, na njia yake ya kuzitafuta ilituchekesha mpaka tulipoielewa. Aliazima kwa mama mmoja mtoto anayeanza kutembea vizuri, akamwacha atangulie, yeye akafuata nyuma kimya. Mtoto alipoketi, palikuwa pa kupumzikia. Alipaweka jiwe la kukalia. Mtoto alipolia, njia iligeuzwa. Mtoto alipokwenda kutazama ukingoni, Mfinyanzi alimshika nguo na kupaangalia kwa muda mrefu, kisha akapanda pale matete au akajenga kijiukuta cha mawe hadi kifuani mwa mtoto. Halafu aliweka majiwe ya kutulia mizigo, yenye kimo cha bega, maana mwanamke aliye peke yake hawezi kuushusha mzigo wa kichwani wala kuupandisha tena. Hayo majiwe yalitupa pumzi. Tuliyabusu, na sitanii.

Na baada ya hayo vikaja vificho. Kila kona isiyoonekana, kila mahali ambapo njia ilibanwa kati ya mwamba na korongo, alichimba shimo ukutani la kumtosha mwanamke aliyeinama na mzigo wake. Juu yake aliacha majani yaning'inie. Ukipita na hujui, unadhani ni tundu la mnyama.

Hakuwa na huruma kwa watu wazima. Mwanaume aliyelalamika kwamba njia ya wanawake inazunguka mno alijibiwa, "Wewe hapa mtoto wako angekojolea wapi? Hewani?" Mwanamke aliyemvuta mtoto kwa mkono alinyang'anywa mtoto huyo mpaka mwisho wa safari, na akarudishiwa pamoja na maneno. Lakini kwa watoto alikuwa mwongo mkubwa. Tangu tulipoondoka chini aliwaambia tumefika. "Tumefika, bado kuwasalimia wale tu." Wale walikuwa nguzo za udongo zilizosimama ndani ya korongo la kwanza, moja moja, kila moja ina jiwe kichwani. Mvua ilikula udongo wote wa pembeni ikashindwa kula ule uliofunikwa na jiwe, basi nguzo zikabaki zimesimama zimebeba mizigo yao. Mfinyanzi aliwaambia watoto kuwa wale ni wanawake waliotangulia sokoni, na ni utovu wa adabu kuwapita bila salamu. Watoto walikimbia kutoka nguzo hadi nguzo, "Ugonile, juba! Ugonile, juba!" na kabla hawajakumbuka miguu yao tulikuwa tumelimaliza korongo zima. Mimi mwenyewe mpaka leo siwezi kuzipita bila kuzisalimia. Zinatisha, zinapendeza, na huwezi kujua zitasimama masika mangapi.

Ajabu nyingine ni kwamba mtu huyu asiyetishwa na makorongo hakuwahi kupanda mtumbwi. Mkisi, tena wa ufukweni, ambaye vyungu vya wenzake vyote vilikwenda sokoni kwa maji! Vyake vilitembea kwa miguu. Nilimwuliza siku moja sababu. Alisema, "Mlimani nikianguka najua nimeanguka wapi. Majini unaanguka tu, basi." Alimaliza hapo, akaendelea kuponda udongo.

Kazi ya chungu na kazi ya njia alizifanya kwa tabia mbili zisizofanana. Chungu kikiwa na kasoro ndogo kiasi kwamba wewe huioni, alikivunja palepale, akanuna hadi jioni. Lakini masika yalipobomoa njia aliyoihangaikia mwaka mzima, alikwenda kulitazama lile poromoko jipya, jekundu kama nyama, maji bado yanachuruzika, akabaki ameduwaa na uso umemchangamka. "Tazama alivyofanya," aliniambia mara moja, na sikujua anamsema Mungu au mlima. "Usiku mmoja tu. Mimi na jembe langu ningechimba mpaka nife." Kisha alikuja na mtoto wa kuazima, akaanza tena kutafuta.

Kuna kisa tulichokisimulia kila tulipokutana kwenye tanuri la vyungu. Mzungu mmoja wa misheni alipanda Ukinga na mkewe na watoto wao, na badala ya njia ya wanaume wakachukua ya Mfinyanzi, jambo lililompendeza sana Mfinyanzi ingawa alijifanya halimhusu. Mama yule wa Kizungu alichoka, akaona kificho, akaingia kupumzika akila ndizi. Mara akatokea mkamwana mmoja wa kwetu mbio mbio, maana baba mkwe wake alikuwa amekohoa kwenye kona, na kificho kina mtu. Hakuwa na la kufanya, akajisukuma ndani, akageukia ukuta, akajifunika. Yule mama wa Kizungu akadhani kuna hatari au kuna mchezo, sijui, akajifunika kofia usoni naye akageukia ukuta. Mzee akapita akitazama milima. Walipotoka wote wawili walikuwa wekundu kwa udongo, wakatazamana, wakacheka mpaka wakashikana. Hawakuwa na lugha moja. Mfinyanzi aliposikia habari hiyo hakucheka. Alienda akakipanua kificho kile.

Katika njia zote hizo kulikuwa na moja aliyoifunga. Tuliijua kwa jina la Ubavu. Alama yake ya kufunga njia ilikuwa chungu kilichopasuka, kimewekwa kifudifudi juu ya jiwe kwenye njia panda. Chungu kikitazama juu, pita na wanao. Kikiwa kifudifudi, usipite. Vyungu vingine alivigeuza kwa misimu, kulingana na mvua. Cha Ubavu kilikaa kifudifudi tangu nilipoolewa, kikaota ukungu.

Ubavu ulikuwa ni njia fupi inayokata kando ya mwamba, juu ya korongo kubwa kuliko yote. Upana wake ni kama ungo. Kulia ukuta, kushoto hakuna kitu. Mtu aliyesimama kwenye njia panda aliona kwamba haipandi sana, haitelezi, na inatokea moja kwa moja kwenye mashamba ya kwanza ya Ukinga, wakati sisi tulizunguka mpaka jua lihame. Nilimwuliza Mfinyanzi kwa nini. Akasema udongo wake mbaya.

Mama mkwe wangu ndiye aliyeniambia. Tulikuwa tunageuza samaki juu ya moshi, nami nikasema kwa kupitisha maneno tu kwamba udongo wa Ubavu ni mbaya. Akaweka kijiti chini.

"Udongo wa Ubavu ni mwamba," alisema. "Hauna ubaya wowote. Alikuwa na mkamwana, huyo rafiki yako. Binti wa kwenu, wa nchi ya chini, mwenye adabu sana."

Nilisogeza kuni motoni.

"Alikuwa anapanda na chungu. Mume wa Mfinyanzi alikuwa anateremka. Mzee akakohoa kwenye kona, kama inavyotakiwa. Na yule binti akatoka njiani, kama inavyotakiwa."

Aliokota kile kijiti akaendelea kugeuza samaki. Baadaye aliongeza kwamba yule mzee hakupanda tena mlima, na hakukohoa tena mbele ya watu. Hata akiwa na mafua alijizuia. Mwana wao alihamia ng'ambo ya ziwa, kwa mtumbwi, na hakurudi.

Siku chache sikuweza kumtazama Mfinyanzi vizuri. Nilivikumbuka vile vikohozi vyake vya kuigiza, tumbo mbele, nasi tunacheka ndani ya mashimo, na nikaona haya kwa kicheko changu. Kumbe kila siku alikuwa anampisha binti yule yule wa Ubavu. Lakini sikumwambia kuwa najua, na yeye hakuwa mtu wa kuambiwa.

Mwaka wa mwisho wa Mdachi kwetu ulikuwa mbaya. Vita ya Wazungu ilikuwa imekaa mpakani muda mrefu, sasa ikawa inasogea, na askari walikuwa wakipita vijijini kutafuta wapagazi na chakula. Walianza na wanaume. Walipowakosa walichukua wanawake kubeba unga, na mwanamke aliyechukuliwa aliacha watoto kwa yeyote aliyebaki. Mume wangu, baba yake na mama yake walikuwa wametangulia Ukinga na mbuzi na mtoto wetu wa kwanza. Mimi nilibaki kwa sababu mtoto wangu wa pili alikuwa na homa. Asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, wavuvi wakaja mbio kutoka upande wa Matema wakasema askari wako njiani.

Tulikimbilia mlimani, wanawake na watoto na vikongwe, Mfinyanzi mbele. Zile nguzo tulizipita, na watoto wakazisalimia hata siku ile. Kwenye mgongo wa pili tukasimama. Njia haikuwepo. Mlima ulikuwa umemeguka, na mahali pa vificho, viti na kijiukuta cha watoto palikuwa na uwazi mwekundu ambao bado ulikuwa ukinong'ona, punje za udongo zikishuka. Palikuwa pakubwa na papya kiasi kwamba hakuna aliyelia. Tulipatazama tu. Kisha mtoto mmoja akauliza, "Juba, tumefika?"

Kwa mara ya kwanza Mfinyanzi hakumdanganya mtoto. Alisema, "Bado." Akageuka, akarudi hadi njia panda, akasimama mbele ya kile chungu chenye ukungu. Chini, kwenye migomba, tulianza kusikia mbwa.

Nilimwona akikiinua kwa mikono miwili. Alikifuta ndani kwa nguo yake, akakiweka tena juu ya jiwe, mdomo ukitazama mbinguni. Kisha akauliza bila kumtazama mtu, "Nani ana mkwe huko juu?"

Ni mimi tu niliyekuwa naye. Wengine wakwe zao walikuwa wamekufa au walikuwa ng'ambo.

"Utanifuata mimi," alisema. "Mkono wako uko kwenye mkono wangu. Wengine nyuma, mkigusa ukuta."

Nilipouingia Ubavu nilitazama ukuta tu. Baadaye kidogo nikathubutu kutazama upande wa pili, na nitakufa nikikumbuka. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka korongoni, jua limeupenya, na chini yake maji mekundu yalikuwa yakinguruma, tena mbali sana hivi kwamba ngurumo ilitufikia imechoka. Sijawahi kujiona mdogo namna ile. Nilikuwa na hofu, nikiwa na homa ya mwanangu mgongoni, na askari nyuma yangu, na bado moyo wangu ulisema nashukuru nimeona. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja na hayakugombana.

Tulipofika katikati, kwenye kona, mtu akakohoa.

Nilikijua kikohozi kile. Nilikuwa nimekitii kwa miaka, kwenye migomba, kwenye kisima, kwenye vificho vyote. Sikufikiri. Nasema kweli, sikufikiri hata kidogo. Mguu wangu wa kushoto ulinyanyuka wenyewe ukatafuta mahali pa kukanyaga nje ya njia. Na ulikuwa hauna pa kukanyaga.

Mfinyanzi alinivuta kwa nguvu hata bega langu likagonga mwamba. Alinibana ukutani kwa mwili wake wote, mgongo wake ukiwa korongoni, uso wake karibu na wangu.

"Kaa njiani," aliniambia. "Kaa njiani, mwanangu. Kaa njiani." Alilisema neno hilo kama mtu ambaye amelibeba muda mrefu. Kisha akamwita mzee kwa sauti bila kuniachia. "Tata! Simama hapo ulipo."

"Nimesikia watoto," sauti ya baba mkwe ilijibu kutoka nyuma ya kona. "Nimekuja kuwapokea."

"Mkamwana wako yupo hapa, na mjukuu mgonjwa. Hakuna pa kutoka. Leo utampisha wewe."

Nyuma yangu wanawake waliacha hata kupumua. Sijui kama mtoto wa leo anaweza kuelewa uzito wa maneno yale. Kumwambia mzee, tena mwenye ng'ombe na baraza, kwamba ajifiche yeye kwa ajili ya mke wa mwanawe, ni kama kumwambia ziwa lipande mlima. Kama angekataa, angekuwa na haki zote. Angegeuka angeweza kuteleza. Angekuja mbele tungekwisha wote.

"Nifanyeje?" aliuliza.

"Keti. Ukutani pameingia ndani kidogo hapo ulipo. Kunja miguu. Geukia mwamba, jifunike."

Tukasikia mifupa ya mzee ikilalamika. Halafu tukasikia nguo ikivutwa.

"Tayari," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliye chini ya nguo.

Mfinyanzi alinipitisha. Nilipita nikiwa nimefumba macho, nimeshikwa mkono, na mguu wangu ukaigusa nguo yake. Mwanangu, aliyekuwa hajasema neno tangu jana kwa homa, alinyoosha mkono akakipapasa kile kichwa kilichofunikwa. "Babu," alisema. Mzee hakujibu, maana kama angejibu ningekuwa nimesimama karibu na sauti yake. Lakini nilisikia anapumua kwa shida, na haikuwa kwa sababu ya mlima.

Tulifika Ukinga wote. Jioni mama mkwe alinijia nilipokuwa nimemlaza mtoto. Alikaa, akaniangalia, akasema, "Mzee amenituma. Anasema ndaga fijo, asante sana, kwa kutoanguka." Hatukuongea tena habari hiyo katika familia yetu, na desturi iliendelea kama kawaida. Kesho yake tu alikohoa, nikaingia nyuma ya ghala.

Mdachi aliondoka, Mwingereza akaja, tukarudi chini. Wengine walirejea kwenye nyumba, wengine kwenye majivu. Mfinyanzi hakuonekana kwenye udongo wake wala kwenye tanuri. Watu walisema amechoka, amezeeka, sasa anazurura. Kiangazi kilipokolea nilikwenda kumtafuta, na nilijua pa kwenda.

Kwenye njia panda chungu kilikuwa bado kinatazama juu. Nikauingia Ubavu peke yangu, mkono ukutani. Nilimkuta katikati, hatua chache nyuma ya ile kona. Alikuwa amekaa juu ya kifusi cha kokoto na lile jembe dogo, limelika hadi limebaki kama kijiko. Kwenye mwamba, mahali pale pale baba mkwe wangu alipoketi, palikuwa na kificho. Udongo huchimbika, lakini mwamba! Sijui alikuwa amekuja hapo mara ngapi. Viganja vyake vilikuwa na sugu ambazo udongo hauwezi kuzileta.

Nilimsalimu. Nikamwambia ni kizuri. Hilo lilimkera kidogo, nikafurahi kuona bado anakereka.

"Kizuri vipi, hakijajaribiwa?"

Nikaanza kuinama niingie, kama siku zote. Akanizuia kwa mkono.

"Leo si wewe," alisema.

Aliingia yeye. Ilimchukua muda, magoti hayakutaka. Alijikunyata ndani, akaomba nimpe chungu kidogo alichokuwa ameletea maji, akakipakata. Akageukia mwamba, akanipa mgongo. Nilimwona mdogo, wa umri wa yule binti.

"Nenda mpaka kwenye kona," alisema kutoka ndani. "Ukohoe. Usiwahi na usichelewe. Kisha upite."

Nilikwenda hadi kwenye kona. Ziwa lilikuwa chini, jeupe kwa jua, na makorongo yote yalikuwa makavu na mekundu, na mwewe alikuwa akizunguka chini ya miguu yangu. Nilisafisha koo. Kikohozi hakikutoka mara ya kwanza kwa sababu ya machozi. Mara ya pili kilitoka kizito, cha mzee, na korongo likakirudisha. Nikapita taratibu, nikitazama milima.

Nilipovuka nilisimama bila kugeuka.

"Kuna mguu ulioonekana?" aliuliza.

"Hakuna, juba."

"Hukuona mtu kabisa?"

"Sikuona mtu."

Nikasikia chungu kikiwekwa chini polepole, juu ya mwamba.

"Basi ameketi vizuri," alisema. "Nipe mkono, nitoke."